Ubongo wa Mtoto wa Koboko na Kosa la Kuhesabu Lugha Moja

Maandishi ya sera kuhusu lugha ya awali hupenda kuanzia kwenye ubongo. Msomaji huelezwa kwamba mwaka 2002 Ghislaine Dehaene-Lambertz na wenzake walipima ubongo wa watoto wa miezi 3 nchini Ufaransa, wakaona maeneo ya upande wa kushoto yakishughulika watoto waliposikia usemi. Mara hitimisho hufuata: mtoto alelewe kwa lugha moja, nyingine zingoje. Hitimisho hilo halimo kabisa katika matokeo yale.

Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, mtoto aliyebebwa mgongoni sokoni husikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na Kiswahili kabla ya kuota jino la kwanza. Kikakwa na Kilugbara hutofautisha maana kwa toni. Kiswahili sanifu hakifanyi hivyo. Ipi basi ndiyo lugha ya mama? Mtaala wa Uganda wa 2007 uliagiza lugha ya eneo itumike kufundishia darasa la kwanza hadi la tatu, na pasipo na lugha moja inayotawala, Kiingereza kishike nafasi. Hapo ndipo nisipokubali: wingi wa lugha umehesabiwa kuwa ukosefu wa lugha.

Mwaka 2017 Naja Ferjan Ramírez na wenzake, huko Seattle, waliwapima watoto wa miezi 11. Ubongo wa waliolelewa kwa Kihispania na Kiingereza uliitikia sauti za lugha zote mbili, na kwa Kiingereza haukuwa nyuma ya ule wa wenzao wa lugha moja. Ushahidi huu unatia moyo, ingawa lugha hizo ni mbili tu, tena hazina toni; anayeuhamishia Arua bila tahadhari atakuwa amerudia kosa lile lile.

Kifaa cha karibu zaidi kinatoka Kilifi, ambako orodha za maneno ya watoto zilirekebishwa kwa Kiswahili na Kigiriama, wazazi wasiojua kusoma wakihojiwa ana kwa ana. Kikiletwa Arua, kihesabu lugha zote za mtoto. Tuseme mtoto ana maneno 20 ya Kilugbara na 15 ya Kiswahili. Akipimwa kwa orodha ya Kilugbara pekee ataandikiwa 20, na mshauri atakayeisoma namba hiyo Kampala atamwita mtoto aliyechelewa kusema.