Nasaba si Utawala: Istilahi za Ukoo katika Somo la Anthropolojia

Mwanafunzi aanzaye shahada ya kwanza ya anthropolojia hukutana mapema na mada ya ukoo na ujamaa. Mada hiyo ina deni kubwa kwa kitabu cha Mmarekani Lewis Henry Morgan kilichotolewa mwaka 1871. Morgan aliona ajabu kwamba Wairokwoi humwita ndugu wa baba kwa jina la baba. Kwa Mswahili hapana ajabu: huyo ni baba mkubwa au baba mdogo. Kiingereza ndicho kimchanganyacho na mjomba.

Yasikitisha, basi, kuona wafasiri wakiiacha hazina hii. Kasoro kubwa kuliko zote ni kutumia mfumo dume kwa maana ya kuhesabu nasaba kwa baba, na mfumo jike kwa maana ya kuihesabu kwa mama. Hapo yamechanganywa mambo mawili: mtoto ni wa ukoo gani, na nani mwenye amri. Waluguru wa Morogoro kwa jadi huhesabu ukoo kwa mama, lakini sauti ya ukoo juu ya ardhi aghalabu imekuwa ya mwanamume, yaani mjomba. Mwanafunzi aliyekaririshwa mfumo jike ataandika katika mtihani kwamba kwa Waluguru wanawake ndio watawala; atanyimwa alama, na kosa si lake.

Lugha haikupungukiwa. Tunayo kuumeni, upande wa baba, na kuukeni, upande wa mama. Nasaba ya kuumeni na nasaba ya kuukeni ni istilahi zinazojieleza, wala hazimhukumu mtu. Mfumo dume ubaki na kazi yake ya kutaja utawala wa wanaume.

Binamu nalo lina utata. Asili yake ya Kiarabu ni mwana wa ami. Bara wengi hulitumia kwa mtoto wa mjomba au wa shangazi. Tunapendekeza maana hii ya pili ishikwe, kwani somo lataka hao watengwe na watoto wa baba mdogo, ambao kwetu ni ndugu tu. (Utani umesalimika: wataalamu wa kigeni walilichukua neno lenyewe.)

Wala jambo hili si la wanachuo peke yao. Karani anayefasiri shauri la mirathi kutoka Kiingereza, akiandika mjomba pale palipokusudiwa baba mdogo, amemhamishia msimamizi upande wa pili wa ukoo, na hakimu hana njia ya kulijua hilo.