Tabata: Kuhoji Mpango si Kupinga Maendeleo

Wapo viongozi wanaodai kwamba mwananchi anayehoji mradi mkubwa wa nyumba anapinga maendeleo. Fikra hizo ni potofu. Tuitazame Tabata.

Katika awamu ya pili ya mradi wa viwanja na huduma, 1977 hadi 1982, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vilipimwa Tabata kwa ajili ya wananchi wa kipato kidogo. Lakini huko huko Tabata Jiji lilikuwa likitupa taka zake. Moshi na uvundo viliwafuata watu majumbani. Mwaka 1988 wakazi walikwenda Mahakama Kuu, nayo ikaamuru utupaji ukome. Walipinga maendeleo? Hasha! Walidai haki ambayo wapangaji waliisahau.

Mwongozo wa TANU wa 1971 uliweka sharti la umma kushiriki katika kupanga. Kumwita mwananchi mkutanoni baada ya uamuzi kupitishwa si kumshirikisha. Ni kumpa taarifa. Kosa hilo lilirudiwa Kigamboni mwaka 2008: mji mpya ulitangazwa, wakazi wakazuiwa kujenga, nao hawakujua wangelipwa nini.

Kwa hiyo kada anayeletewa mradi hana budi kuwauliza kwanza wenye mtaa: maji yatatoka wapi, taka zitakwenda wapi, fidia ni kiasi gani, na nyumba hizo ni za nani? Asiyeuliza hayo anautumikia urasimu, hautumikii umma.