Mtu na Nuru katika Picha za Usiku

Msomaji, ukisimama usiku kwenye kituo cha 46 huko Kawangware, ukaiweka kamera juu ya miguu mitatu ili isitikisike, na kilango chake cha nuru ukakiacha wazi kwa sekunde 10, utapata picha ambayo jicho lako halikuiona. Taa za matatu zitakuwa mikanda mirefu, myeupe na myekundu. Cheche za fundi achomeleaye vyuma zitakuwa shada la nyuzi. Nao watu waliokuwa wakipita mbele yako, huenda usimwone hata mmoja.

Kutoweka kwao si uchawi. Kamera hukusanya nuru kama debe likingavyo maji ya mvua. Taa huacha alama popote ipitapo. Lakini mtu atembeaye gizani hurudisha nuru haba, na kabla haijatosha kumchora, amekwisha ondoka mahali pale. Atuliaye hubaki, aendaye hufutika. Sheria hiyo ndiyo itupayo swali la kuuliza juu ya picha za namna hii zipigwazo Kawangware na Kibera: je, ni halali kumfuta mtu?

Wako wasemao kuwa ni halali, na hoja yao ina uzito. Kibera imepigwa picha mara nyingi mno, na mara nyingi ni ile ile: mtaro mchafu, mtoto asiye na viatu, mabati yenye kutu. Kijana aliyezaliwa hapo ana haki ya kuichoka. Akishika tochi akachora duara hewani, hana deni la kumwonyesha mtu yeyote umaskini wake. Katika hilo mimi ni upande wake. Lakini duara lile lingaliweza kuchorwa katika chumba chochote chenye giza duniani. Nuru ni nzuri, Kibera haimo.

Mwaka 1949 Gjon Mili, mpiga picha wa gazeti la Life la Marekani, alimwendea Pablo Picasso huko Vallauris, Ufaransa. Picasso alichora hewani gizani kwa taa ndogo. Mili angeweza kutosheka na mistari ile. Lakini aliwasha pia taa ya mmweko, na mchoraji mwenyewe akaonekana nyuma ya mchoro wake. Mwondoe mtu yule, na kitakachosalia ni mwandiko tu. Mwaka 2009 Mfaransa ajiitaye JR alitandaza juu ya mapaa ya Kibera picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa hapo, zilizochapwa juu ya kitu kisichopitisha maji, hata zikazuia mvua. Kazi ile haina mstari wa nuru hata mmoja, lakini hapana aliyefutwa.

Je, mpiga picha wa mistari afanyeje? Naona sheria ile ile imfutayo mpita njia yaweza kumhifadhi mtu aliye kazini. (Ajiepushe tu na zile taa ndefu ziitwazo mulika mwizi, maana huosha giza lote.) Fikiri mama akaangaye samaki kando ya njia, taa yake karibu na karai. Nyuma yake pikipiki zimekuwa nyuzi nyekundu. Mkono wake umekuwa ukungu, kwa kuwa ulikuwa ukigeuza samaki; uso wake, ulioinamia mafuta kwa sekunde zote 10, waonekana.