Chumvi, Maji Matamu na Mkono wa Mwenye Gari

Kulitunza gari la porini katika Kisiwa cha Mombasa ni, kabla ya jambo lolote lingine, kupigana na chumvi. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, liwe Land Rover la zamani au Land Cruiser, huharibika kisiwani hata likiwa limesimama tu. Upepo wa kusi huleta chembe za maji ya bahari mpaka kwenye mitaa ya Mji wa Kale, na chembe hizo zikitua juu ya chuma haziondoki kwa jua pekee. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji ya hewani na kuyeyuka yenyewe hewa inapofikia unyevu wa asilimia 75 hivi, na usiku mwingi wa Mombasa hupita kiwango hicho. Ndiyo maana gari lililoachwa kavu jioni karibu na Ngome ya Yesu huamka alfajiri likiwa na utando mwembamba wa maji ya chumvi juu ya kila nati. Kutu haingoji safari.

Safari nazo zina yake. Gari hupanda feri ya Likoni, ambako mawimbi hupiga mlango wa kushukia na kurusha maji chini ya bodi. Hupita Kwale na Kinango kwenye vumbi, au huingia Tsavo Mashariki na kurudi limebadilika rangi. Udongo mwekundu wa Tsavo kwa wenyewe si mharibifu mkubwa. Ubaya wake ni kwamba huweka maji. Tope lililoganda nyuma ya madigadi hukaa na chumvi iliyofuata baadaye, likaikumbatia wiki baada ya wiki, na chuma kilicho chini yake huliwa bila mtu kuona. Wenye magari wa zamani walilijua hili, na kwao kuosha gari hakukuwa pambo la Ijumaa wala maandalizi ya harusi. Kuliosha kulikuwa sehemu ya matengenezo, kama kubadilisha oili.

Hapa ndipo penye jambo ambalo mtu wa bara huenda asilifikirie: maji yenyewe. Mji wa Kale una visima vingi, vingine ndani ya nyua za nyumba na vingine misikitini, lakini maji ya vingi ni ya magadimagadi au ya chumvi kabisa, kwa kuwa kisiwa ni mwamba wa matumbawe uliozungukwa na bahari. Maji matamu hutoka mbali: Marere katika milima ya Shimba, visima vya Tiwi, Baricho kwenye mto Sabaki, na chemchemi za Mzima huko Tsavo Magharibi, ambazo bomba lake lilijengwa miaka ya 1950. Mabomba hukauka mara kwa mara, na hapo mikokoteni iliyopangwa madebe ya lita 20 huanza kupita mitaani. Kumwagia gari maji ya namna hiyo, yaliyonunuliwa kwa dumu, huonekana israfu. Lakini kuosha gari kwa maji ya kisima chenye chumvi na kuliacha likauke ni kulipaka kwa mkono chumvi ile ile iliyokuwa ikiletwa na upepo.

Ufumbuzi wa waliojua kazi ulikuwa wa busara na wa bei rahisi. Maji ya kisima yalitumika mwanzo, kulainisha tope na kuliondoa. Maji matamu yaliwekwa akiba kwa ajili ya suuzo la mwisho, ndoo mbili au tatu, zikimwagwa polepole kutoka juu na kuelekezwa palipo viungo. Masika yakiingia, gari lilitolewa chini ya turubai na kuwekwa mahali ambapo mvua ingelipiga vizuri, boneti ikiwa imefungwa na matope ya chini yamekwisha kulegezwa kwa brashi. Mvua ya Mei, iliyo nzito kuliko ya miezi mingine pwani, husuuza kuliko mpira wowote. Aliyekuwa na pipa chini ya mchirizi wa paa la mabati aliyafunika maji yake vizuri na kuyatumia hata kiangazi. Leo mapipa hayo yamegeuzwa kuwa ya takataka, na maji ya paa hukimbilia mtaroni.

Kuosha huanza chini. Wengi huanza na paa na boneti kwa sababu ndivyo vinavyoonekana, na wakifika chini maji yamekwisha na mkono umechoka. Anayejua hutandika gunia, hulala chali na kuanza na springi. Tope kati ya majani ya springi hukwanguliwa kwa kijiti cha mti, kwa kuwa bisibisi hukwaruza rangi na kuifungulia kutu njia. Kisha hufuata ekseli, mabomba ya breki, ndani ya madigadi, na mahali ambapo bodi hukaa juu ya chasisi. Mkono hupita kila mahali. Unapopita ndipo unapogusa nati iliyolegea, bomba la breki lililovimba, bushi iliyopasuka, na unyevu wa oili pasipopaswa kuwa na oili. Mashine ya maji ya kasi haigusi chochote, na kwa hiyo haina la kumwambia mwenye gari. Tena husukuma maji yenye mchanga ndani ya sili na kwenye plagi za nyaya, mahali ambapo maji ya ndoo yasingefika kamwe.

Penye kuhitaji subira zaidi ni chasisi. Land Rover lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na kwa sababu hiyo bodi lake likafanywa la alumini. Chasisi ilibaki ya chuma, imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Sifa ya kwamba Land Rover halioti kutu imewaponza wengi pwani, maana bodi hubaki zima huku mifupa inaoza. Maji na tope huingia ndani ya sanduku lile, na hutoka kwa mashimo madogo yaliyotobolewa chini. Mashimo yakizibwa, chasisi hugeuka birika la maji ya chumvi, na kutu huila kutoka ndani kuja nje. Siku inapoonekana kwa macho, kidole hupita. Tiba yake ni ndogo mno: waya mgumu wa kuzibulia kila shimo, mpira wa maji matamu uliosukumwa ndani mpaka maji yatoke meupe, kisha gari liegeshwe kwenye mwinamo lichuruzike. Likikauka kabisa, oili safi nyepesi au nta hunyunyizwa ndani. Pale alumini inapoungana na chuma, kama chini ya milango na kwenye pembe za sakafu, maji ya chumvi hupitisha mkondo mdogo wa umeme kati ya metali hizo mbili, na alumini huvimba na kugeuka unga mweupe. Unga huo huondolewa kwa brashi, mahali pake hupakwa rangi, na kipande cha mpira huwekwa katikati ili metali hizo zisigusane tena. Land Cruiser, ambalo mfululizo wake wa 40 ulianza 1960 na wa 70 mwaka 1984, lina bodi la chuma tupu, na kutu yake angalau haijifichi.

Baada ya maji huja oili. Difu iliyotoka mwendo mrefu huwa moto. Ikizamishwa ghafla kwenye mto au ufukweni, kama inavyotokea mtu anaposhusha boti kwa trela, hewa iliyomo hunywea na kufyonza maji kupitia sili zilizochakaa, hasa kibomba cha kupumulia kikiwa kimezibwa na tope. Dawa ni kuliacha gari lilale usiku mzima ili maji, yaliyo mazito kuliko oili, yatuame chini. Asubuhi bolti ya kumwagia hulegezwa taratibu, na kikitangulia kitu kisichoteleza kati ya vidole, hayo ni maji. Oili iliyokwisha kuwa rangi ya chai ya maziwa haina mjadala, humwagwa yote. Kwenye Land Rover za zamani hutazamwa pia matufe yanayong'aa ya ekseli ya mbele. Chumvi ikiyachimba vishimo, sili hukatika na oili huvujia gurudumuni. Kitambaa chenye oili kidogo kila wiki huyaokoa.

Grisi hupigwa kwenye kila nipo ya shafti mpaka ile mpya ionekane ikitoka pembeni, kwa kuwa inayotoka hubeba maji na mchanga. Vichwa vya betri vikiota unga wa kijani au mweupe huoshwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, vikasuguliwa, vikapakwa grisi. Zulia hutolewa nje na sakafu huachwa wazi juani, maana unyevu uliofungiwa chini ya zulia hutoboa sakafu kuliko mvua.

Haya yote yalikuwa na ndugu yake mkubwa pale Bandari ya Zamani. Majahazi yalikwezwa bamvua likijaa, maji yakikupwa mabaharia wenyewe wakakwangua chaza, wakakalafati nyufa kwa pamba, wakapaka mafuta ya sifa juu na deheni chini. Nahodha alikikagua chombo chake ubao kwa ubao kwa sababu ndicho ambacho angekilalia baharini. Watoto waliokulia kando ya kazi hiyo, walipopata magari, hawakuona ajabu kulala chini yake. Hata katika mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza 1953, jina lililokaa vinywani ni la Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, ambaye alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa.

Siku hizi gari hupelekwa kuoshwa kando ya barabara, likapigwa povu, likasuguliwa magurudumu yang'ae, kisha chini likarushiwa oili chafu iliyochanganywa na dizeli kwa jina la kuzuia kutu. Oili hiyo hulainisha na kuozesha bushi za mpira, hunasa vumbi, na ikitiririka huishia kwenye mikoko ya Tudor. Mwenye gari yumo kwenye kivuli na simu yake. Kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kinaunganisha Land Cruiser hapa hapa Mombasa, lakini mtu hununua moja na kulitumia miaka bila kujua kijiti cha kupimia oili kiko upande gani. Magari ya sasa yana umeme mwingi ambao fundi wa nyumbani hawezi kuufungua, hilo ni kweli na halina budi kukubaliwa. Lakini mashimo ya chasisi hayana kompyuta, wala springi, wala nipo ya grisi. Vilivyoachwa ni vile vinavyohitaji mkono tu. Matokeo yake huonekana kwenye gereji za mjini: chasisi zilizokatwa na kuungwa kwa vyuma vya viraka, kazi ya gharama kubwa iliyoletwa na uzembe wa gharama ndogo.

Mwenye gari la aina hii anayeishi kisiwani, ambaye hajawahi kulala chini yake, na aanze kabla ya masika yajayo. Atahitaji gunia, waya mgumu, brashi na madumu mawili ya maji matamu, na aanzie kwenye mashimo ya chasisi.