Karafuu Isiyokuwamo

Kuna bia ya ngano inayopikwa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, ambayo kila aliyepata kuiandika hakosi kuitajia karafuu. Wajuzi wa vinywaji husema hivyo katika vitabu vyao, na karatasi za mikahawani husema vivyo hivyo. Nilipopita Munich kwa shughuli za tafsiri, mwenyeji wangu, naye mtu wa mashairi, alinisogezea bilauri ndefu ya nusu lita kwa uso wa mtu anayemrejeshea jirani sufuria yake. "Hii ni ya kwenu," alisema.

Haikuwa ya kwetu. Ndani ya bia ile hamna karafuu hata punje moja, wala konyo lake.

Najua wapo wasomaji wa jarida hili ambao neno bia likitajwa tu hugeuza ukurasa. Nawaheshimu, na wala siwaiti kwenye bilauri. Ninalolijadili hapa ni neno, na jinsi neno linavyobeba harufu au linavyoshindwa kuibeba. Hata hivyo mhakiki hahukumu kwa kuhadithiwa, na sipendi kujificha nyuma ya kitenzi "kunusa". Nilionja mafunda matatu, kwa mara ya kwanza, nami nimeshavuka hamsini. Isitoshe, sisi wapenzi wa ushairi si wageni wa vileo vilivyomo kwenye beti. Shaaban Robert alituachia Omar Khayyam kwa Kiswahili, akipitia Kiingereza cha Edward FitzGerald, na wasomaji wa Khayyam hawajaacha kubishana kama mvinyo wake ni wa kunywa au wa ishara.

Basi niliyoyakuta ni haya. Povu lake ni jeupe na zito, mfano wa tui la kwanza. Kinywaji chenyewe kina ukungu, kwa kuwa hamira haikuchujwa; huachwa chini ya chupa, kisha hutikiswa na kumiminwa mwisho. Kabla mdomo haujagusa, pua hupata ndizi mbivu, ile iliyoanza madoa. Karafuu huja baadaye. Nayo si karafuu kavu ya gunia inayoufisha ulimi ganzi. Ni karafuu mbichi iliyo jamvini siku ya kwanza, imeshachambuliwa makonyo na jua halijaipiga sawasawa. Hukaa kooni kitambo, ikafifia, na nyuma yake hubaki kitu kama ganda la mkate wa moto. Uchungu ni haba. Kuwasha hakuna kabisa, na hili nilisema kwa sababu mwenyeji wangu, akizungumza Kiingereza, alikuwa ameniahidi kinywaji kikali. Mwingereza ana neno moja kwa pilipili inayochoma na kwa hiliki inayonukia. Sisi tunayo kadhaa: kitu kikali, kitu kinachowasha, kitu chenye viungo, kitu kinachonukia, na mpishi yeyote wa pilau hawezi kuyachanganya. Huko Marekani ilipata kuwako bia iliyotumbukizwa pilipili nzima ndani ya kila chupa. Kwa Kiingereza bia hizo mbili zinaweza kusifiwa kwa neno lilelile. Kwa Kiswahili hazina hata ujirani.

Harufu ile hutoka wapi, basi? Mwaka 1516, tarehe 23 Aprili, Wilhelm IV na nduguye Ludwig X, watawala wa Bavaria, walitangaza mjini Ingolstadt sheria ya kwamba bia isitiwe kitu ila shayiri, maua machungu ya hopsi na maji. Viungo vyote vilipigwa marufuku. Ngano ilihifadhiwa kwa mkate, na ruhusa ya kuipikia bia ikawa ya wateule wachache, hata mwaka 1602 Maximilian I alipoitwaa ruhusa hiyo mikononi mwake. Lakini sheria ile ya 1516 haikuitaja hamira, na hamira ndiyo iliyoipitisha karafuu mlangoni. Katika maganda ya nafaka mna asidi iitwayo feruliki. Mpishi hodari huupumzisha uji wa kimea kwenye joto la nyuzi 45 hivi, asidi hiyo ipate kulegea, na hamira ya bia ya ngano ikaja kuigeuza kuwa kitu kingine, cha jamii ya fenoli, ambacho ni ndugu wa karibu wa yujinoli, mafuta yanayoipa karafuu yetu harufu yake. Ndizi nayo hutoka kwa hamira hiyohiyo. Hakuna aliyetia kitu. Kimezaliwa humo.

Wabelgiji wana njia nyingine. Katika mji wa Hoegaarden bia ya ngano ilikuwa imekufa: kiwanda cha mwisho kilifungwa mwaka 1957. Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, akaifufua mwaka 1966, na bia ya kule hutiwa mbegu za giligilani na maganda ya danzi, waziwazi, kama mpishi atiavyo chunguni. Sikuidharau. Ni safi, inaburudisha, na danzi lake ni la kweli. Lakini kila kiungo hukaa peke yake, nawe unaweza kukinyooshea kidole: hii giligilani, hili danzi. Ile ya Bavaria hainyooshewi kidole. Ukiitafuta karafuu yake huipati, ukiiacha inakujia. Kwa hukumu yangu hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi, ingawa haina hata kiungo kimoja cha kujitetea.

Sasa nije nyumbani, maana nisingelishika kalamu kwa ajili ya bilauri tu. Kwa miaka mingi nimesoma mashairi ya vijana wetu, mengine yakiletwa kwangu kwa mkono, mengine yakiwa yameshachapwa. Lau ningelipima karafuu iliyomo kwenye mashairi hayo, ingelijaa jahazi. Kila shairi la visiwa hivi lina karafuu, lina upepo wa kaskazi, lina mlango wenye njumu, na karafuu hiyo hainukii. Imetiwa. Mshairi ameona wageni wanaipenda, ameona wahakiki wanaisifu, basi ameongeza kijiko. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Washairi wetu, wakisifiwa viungo, huzidisha viungo hata mchuzi usilike. Ni karafuu iliyomo katika neno na isiyokuwamo katika shairi, kinyume kamili cha bia ile.

Hayo si manung'uniko ya mzee. Karafuu ina watu. Ina mchumaji aliye juu ya tawi kavu, ina mama anayechambua hadi usiku kwa taa, vidole vimekuwa vyeusi, ina mvua inayonyesha siku mbaya ikaozesha jamvi zima. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo shamba kuu. (Mwaka huohuo wa 1872, kwa sadfa tu, Georg Schneider alipata haki ya kupika bia ya ngano mjini Munich, pale ukiritimba wa wafalme ulipokuwa haulipi tena. Kule harufu ya karafuu ikapewa maisha mapya, huku yenyewe imelala chini na mizizi juu.) Ushairi unaoitaja karafuu bila ya mmoja wa watu hao kuonekana, hata kivuli chake, unafanya kazi ya kibandiko cha chupa.

Na kinyume chake kipo. Niliwahi kupewa shairi la beti saba, la mwandishi wa kike ambaye hakutaka jina lake litajwe, juu ya ukili unaosukwa na wanawake wawili wasiosemezana. Neno karafuu halimo. Lakini katika ubeti wa nne mmoja wao anapangusa jasho kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa vidole hataki viguse macho, na kila aliyepata kuchambua atajua mara moja vidole hivyo vimetoka wapi na kwa nini vinaogopewa. Harufu ikajaa chumba kizima. Vina vyake vilikuwa na kasoro mbili, na mizani ilipungua mahali pamoja; nilimwambia asahihishe vina na asiguse ubeti ule.

Tatizo langu kama mfasiri lilikuja baadaye, nilipopewa kukifasiri kijitabu cha vinywaji cha hoteli moja. Aliyenitangulia alikuwa ameandika kwamba bia ya Bavaria ina "noti za karafuu", akilifuata neno la Kiingereza kama kipofu amfuatavyo mshika fimbo. Mkulima wa Wete akisoma hivyo atafikiri ni zile anazohesabu baada ya kuuza, na atataka kujua zinafanya nini ndani ya chupa. "Ladha ya karafuu" inasikika vizuri zaidi, lakini nayo yadanganya, kwani kwa Kiswahili juisi yenye ladha ya ukwaju ni juisi ya ukwaju, na msomaji atasadiki kwamba magunia ya Pemba yamekwenda Munich kupikiwa bia. Hayakwenda. Kumwambia mkulima kwamba zao lake limo mahali lisipokuwamo si jambo dogo. Ni kumtajia soko ambalo hana.

Niliandika hivi: "Bia hii hunukia kama karafuu mbichi, na karafuu haimo." Mwenye kazi alikata nusu ya pili, akasema itawavunja moyo wateja. Nimeirejesha hapa, mahali pasipouzwa bia.