"Gitaa Lisilo na Waya": Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika maandishi ya Kiswahili bila kupimwa ni "gitaa lisilo na waya". Hutajwa kwayo chombo kinachomwezesha mpigaji kutembea jukwaani pasipo kufungwa na kebo itokayo kwenye gitaa lake hadi kwenye kikuza sauti. Wengine hufupisha wakasema "gitaa pasiwaya". Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa istilahi hiyo, kwa sura zake zote mbili, haifai katika maandishi rasmi, na kupendekeza nyingine za kushika nafasi yake.

Kasoro ya kwanza ni ya maana. Gitaa la umeme haliwezi kukosa waya: nyuzi zake ni za chuma, na chini ya nyuzi hizo mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Mwanafunzi anayeisoma istilahi hiyo kwa mara ya kwanza ana haki ya kudhani kuwa anaambiwa habari za gitaa lililong'olewa nyuzi. Aidha, gitaa lenyewe halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni njia ya kupeleka sauti: kifaa kidogo chenye betri huchomekwa kwenye gitaa, kikarusha mawimbi ya redio, kifaa cha pili huyapokea na kuyafikisha kwenye kikuza sauti. Sifa ya chombo kimoja imevikwa chombo kingine.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Istilahi inayotaja kisichokuwapo haimwelezi msomaji kilichopo. Hapa kilichopo ni redio, nayo ina tabia zote za redio: huingiliwa na redio nyingine, hudhoofika umbali unapozidi, hunyamaza betri inapokwisha, tena hutawaliwa na sheria za nchi. Vyombo vingi vya siku hizi hutumia mkanda wa GHz 2.4, unaotumiwa pia na Wi-Fi. Ndiyo maana chombo kilichofanya kazi vyema mchana katika ukumbi mtupu chaweza kukatakata usiku, ukumbi ujaapo watu na simu zao. Huko Marekani, tangu Julai 13, 2020, vyombo vya namna hii vilivyokuwa vikitumia sehemu kubwa ya mkanda wa MHz 600 vilipigwa marufuku, kwa kuwa masafa hayo yalikwisha kupewa kampuni za simu. Vyombo havikuharibika, lakini kuvitumia kukawa kosa. Anayejua tu kwamba gitaa lake "halina waya" hataona sheria ya redio inamhusu nini. Naye mtumishi wa ofisi ya vibali akiyakuta maneno hayo katika orodha ya mizigo hatatambua kuwa ameletewa redio.

Historia nayo yafundisha. Desemba 1976, huko Lakeland, Florida, mpiga gitaa Ace Frehley wa bendi ya Kiss alipigwa na umeme jukwaani aliposhika reli ya chuma isiyounganishwa ardhini. Baadaye bendi hiyo ikawa miongoni mwa zilizotangulia kutumia chombo cha redio kilichobuniwa na Ken Schaffer. Faida iliyopatikana ilikuwa kuvunjwa kwa njia moja tu ya umeme, ile iliyounganisha mwili wa mpigaji na kikuza sauti. Nyaya nyingine zote za jukwaani zingalipo, nazo zingali zahitaji kuunganishwa ardhini. Jina linalodai kuwa waya haupo laweza kumsahaulisha fundi jambo hilo.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Chombo chote kiitwe "mtambo wa redio wa gitaa".

(b) Sehemu zake ziitwe "kirusha mawimbi" na "kipokea mawimbi", kwa kufuata muundo uliozoeleka wa "kinasa sauti".

(c) Neno "masafa", ambalo limekwisha kukubalika katika shughuli za redio, litumike kwa kipimo cha mawimbi peke yake. Nafasi kati ya mpigaji na kipokea mawimbi iitwe "umbali". Maelezo yanayosema "punguza masafa" yatamfanya mpigaji mmoja asogee karibu, na mwingine abonyeze kitufe.

Yaweza kudaiwa kuwa wanamuziki wamekwisha kuzoea kusema "bila waya", na kwamba lugha ni ya wasemaji wake. Dai hilo ni la kweli, wala hatukusudii kuyasahihisha mazungumzo ya jukwaani, ambako kila mmoja anakiona chombo kinachotajwa. Lakini msomaji wa mwongozo, wa mkataba au wa kanuni hakioni. Analo neno tu. Mfasiri anapompa neno linalomficha kitu, amemwachia kazi ambayo ilikuwa yake yeye mfasiri. Tunawaomba walimu na wafasiri wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao, na wenye zilizo bora zaidi wazilete zijadiliwe.