Jalada la Nzige wa Rukwa

Pini ndiyo hutangulia kutoka. Mhifadhi nyaraka, mama wa makamo mwenye koti jeupe, anachomeka kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi, kisha anapitisha kisu butu na kuinua ncha moja, halafu ya pili. Havuti. Kutu imeshaila karatasi na kuacha doa la kahawia. Ukivuta pini, inaondoka na herufi. Hajavaa glavu. Amenawa kwa sabuni na kukausha mikono vizuri, kwa sababu karatasi iliyochoka hujulikana kwa vidole kabla ya macho, na glavu huvipumbaza vidole.

Jalada lililo mezani ni la nzige. Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio makuu ya nzige wekundu, na balaa lililoanza mwaka 1930 lilitafuna mashamba kusini na mashariki mwa Afrika hadi miaka ya 1940. Mwaka 1949 nchi husika zikaunda huduma ya pamoja ya kuwadhibiti, makao yake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Ndiyo maana bonde lililokuwa mbali na kila boma limeandikiwa mengi kuliko mtu anavyodhani. Katika ukurasa huu jina la Kamsamba, mji wa bonde hilo, liko kwenye mkunjo, pale hasa palipochanika.

Anashika brashi ya manyoya laini. Anafagia kutoka katikati kwenda nje, na akifika kwenye mchaniko anageuza mkono ili vumbi lisiingie kwenye nyuzi zilizo wazi. Kinachoanguka hakitupi kwanza. Anakitazama kwenye karatasi nyeupe, akitafuta mavi ya wadudu na unga wa mchwa, maana jalada moja lenye mchwa linatosha kumaliza rafu nzima. Kisha anachukua sponji kavu ya mpira: anagusa na kuinua, wala hasugui.

Kumbukumbu za Kamsamba zimetawanyika kwa sababu mipaka nayo imehamahama. Mji huu wa Mto Momba, unaoshuka kwenda Ziwa Rukwa, ulikuwa chini ya Mbeya, ukaja kuwa wa Mbozi, kisha Wilaya ya Momba ilipoanzishwa mwaka 2012 ukaingia huko, na tangu 2016 uko Mkoa wa Songwe. Kila ofisi ina masjala yake na majalada yake. Maofisa wa Kiingereza nao walikuwa na kitabu cha wilaya, ambamo kila aliyehamia aliendeleza alipoishia mwenzake: koo za machifu, mila, mipaka. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, waliandika shajara za misheni zao, na hifadhi yao kuu iko Roma. Hata jiwe lililoanguka kutoka angani huko Ivuna, bonde hilohilo, tarehe 16 Desemba 1938, sehemu yake iko London. Anayetaka historia ya tarafa moja itambidi asafiri sana, na akifika akute karatasi inasomeka.

Kabla ya kutia unyevu wowote, mama anajaribu wino. Anagusisha tone dogo la maji kwenye ukingo wa herufi moja, anakandamiza kwa karatasi ya kufyonza na kuisogeza kwenye mwanga. Maandishi ya taipu yametulia. Mhuri wa zambarau umeacha alama. Basi gundi haitaukaribia.

Hapa ndipo kazi inapopendeza kutazama. Kiraka ni karatasi ya Kijapani, nyembamba lakini ngumu, ya nyuzi za mti wa kozo ulio jamii ya mforosadi. Haikatwi kwa mkasi. Anachora mstari kwa brashi yenye maji, anasubiri uloe, kisha anavuta taratibu mpaka itengane yenyewe na kubaki na nyuzi ndefu pembeni. Nyuzi hizo ndizo zitakazoishika karatasi ya zamani bila kuacha ukingo mgumu wa kuivunja tena. Gundi ni wanga wa ngano, uliopikwa kwa moto mdogo bila kuachwa kukorogwa, ukachujwa mara mbili na kuongezwa maji mpaka ukawa mwepesi kama uji wa mtoto.

“Mama, gundi ya dukani si ingewahi kukauka?”

“Ingewahi, mwanangu. Lakini hii, atakayekuja na ujuzi zaidi ya wangu ataibandua kwa maji kidogo, karatasi isidhurike.”

Anasogeza kingo mbili zikutane, nyuzi kwa nyuzi, hadi jina la Kamsamba lisomeke kwa mkupuo. Analaza kiraka upande wa nyuma, anakipapasa kwa brashi kavu, anafunika kwa kitambaa kisichonata, kisha karatasi ya kufyonza, kioo, na uzito juu. Karatasi ya kufyonza inapolowa anaibadilisha. Palipo na tundu, ambapo neno limeliwa lote, anajaza karatasi tupu. Haandiki kitu, hata kama maneno ya jirani yanaonyesha wazi kilichokuwapo.

Ikishakauka, anaandika namba kwa penseli kwenye kona na kuirudisha palepale ilipokuwa, katika mpangilio uleule wa karani wa kwanza. Lebo ya boksi inabaki na jina la Mbeya, kwa kuwa jalada lilizaliwa huko. Katika orodha ya kutafutia, hata hivyo, anaongeza Mbozi, Momba na Songwe, ili kijana wa Kamsamba atakayekuja kuuliza kwa jina la mkoa wake wa leo aletewe boksi hili.